Fundi anayewahudumia wateja wa mwajiri wake pembeni

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nimeajiriwa na kampuni moja Industrial Area, Nairobi, nafunga na kutengeneza AC na friji za maduka. Wateja hunipigia kwenye simu yangu, nawafanyia kazi Jumapili kwa bei ya chini kuliko ya kampuni, wananilipa kwa M-Pesa. Mkataba haukutaja kazi za pembeni. Je, pesa hii ni halali? – Fundi, South C.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Jumapili ni yako. Aliyeajiriwa kwa muda maalumu, wanazuoni humwita ajiri khas: saa za mkataba ni za mwajiri, zilizobaki ni zake. Tatizo ni mteja. Namba yako aliipataje? Kama ulimpa ukiwa na ovaroli ya kampuni, huyo ni amana mkononi mwako. Mtume (s.a.w.) alimkemea Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyesema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, akauliza kwa nini asingekaa kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfikia (Bukhari na Muslim). Nawe, ungekaa South C tu, angekupigia nani?

Mkataba kunyamaza si ruhusa. Kifiqhi, linalojulikana kwa desturi ni kama lililoshurutishwa, na sijui mwajiri anayeridhia kushushiwa bei na fundi anayeijua kotesheni yake.

Tena kompresa ikiungua, mteja ataidai kampuni akidhani kazi ni yake. Hapo umeingia kwenye udanganyifu. Kisheria, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinaruhusu kufukuzwa bila notisi kwa utovu mkubwa wa nidhamu, ingawa kifungu cha 41 kinataka usikilizwe kwanza.

Ujira uliokwisha kuupata kwa jasho la Jumapili siuiti haramu wote. Omba msamaha kwa mwajiri. Lakini kama ulichota gesi stoo ya kampuni, irudishe, aina ile ile na uzito ule ule. Kama ulitoroka saa za kazi, zihesabu: kwa mfano, mshahara wa shilingi 48,000 kwa siku 24 za saa nane ni 250 kwa saa, saa 12 ni 3,000. Ukiogopa kujifichua, pesa hizo zirudishe kimyakimya, mradi zimfikie mwajiri.

Kuanzia sasa mwandikie mwajiri: kazi gani, siku gani, kwa nani, jibu lake liwe la maandishi. Akikataa na bado unataka kujitegemea, mpe notisi. Kwa anayelipwa kila mwezi ni siku 28, mkataba usipotaja zaidi, na orodha ya wateja ibaki ofisini.