Mzee Mwenzangu, Waambie Ulipoanguka

Bwana asifiwe, wapendwa.

Ujumbe uliingia saa nne kasoro robo usiku. Umeme ulikuwa umekatika na nilikuwa nimeshapanda kitandani. "Koko, umelala?" Koko ni bibi. Alikuwa binti anayetunza pesa za likelemba, yaani mchango wa zamu, ya akina mama wa kanisa letu hapa Goma, Kongo. Nikamjibu kwamba sijalala. Akakaa kimya kitambo, kisha akaandika: "Dola 140 hazimo sandukuni. Nimezila mimi."

Ameniruhusu kuyaandika haya, na akina mama wote wameshayasikia kutoka kinywani mwake. Jina lake silitaji. Ila nikianza na kosa lake nitakuwa nimewadanganya, maana kosa hilo mimi ndiye niliyelifungulia mlango.

Nina miaka 72. Sanduku nilikabidhiwa mwaka 1999, tukiwa akina mama 26. Kila tukichanga, sehemu kubwa inakwenda kwa mwenye zamu, na sehemu ndogo inabaki sandukuni kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Ni sanduku la bati, kazi ya fundi wa Birere, mtaa wa biashara hapa mjini, la kubebeka kwapani. Miaka mitatu haijaisha, volkano yetu ya Nyiragongo ikapasuka. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Uji wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukala maduka, ukala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafunika kipande cha uwanja wa ndege. Mume wangu alibeba godoro. Mimi nilimfunga mjukuu mgongoni, sanduku nikalifunga tumboni chini ya kitenge, tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, katika umati ule. Ndani mlikuwa na dola 312 na franka kidogo.

Tulilala nje. Mtoto alilia njaa usiku kucha na mimi nimekumbatia pesa. Kulipokucha nikauza kitenge changu cha sikukuu, nikanunua viazi vitamu. Jumapili tulirudi tukikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa na moto, malapa yakilainika miguuni. Nyumba yetu ya mbao haikuwapo tena. Nilipowakusanya akina mama na kuhesabu mbele yao, 312 zilitimia. Walilia. Mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa, vigelegele vikapigwa. Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile moyo unanijaa, sitaficha.

Lakini shangwe ile ilinilaza usingizi. Nilianza kujiona mwaminifu kama vile mtu anavyojiona mrefu, yaani umeshakuwa hivyo na hakuna wa kukupunguza.

Mwaka 2009 hakukuwa na moto wala kukimbia. Ilikuwa wiki ya kawaida. Mzigo wa vitenge ulifika Birere kwa bei nzuri, mwenye mzigo akataka pesa siku hiyo hiyo. Nikachukua dola 180 sandukuni. Nilijiambia ni za wiki moja. Vitenge nikaviuza kwa deni, wenye madeni wakaanza kunikwepa njiani, na wiki ya tano mama mmoja wetu akapasuliwa kwa uzazi. Familia yake ikaja kuomba msaada wao. Nilikuwa na miaka 56, mtu ambaye wasichana walimjia kwa ushauri wa ndoa, na nilisimama mlangoni nikisema ufunguo umepotea.

Familia ilikwenda moja kwa moja kwa shemasi wetu mzee, aliyekuwa dereva wa malori ya kahawa siku zake za nguvu. Akatoa pesa zake mfukoni, wakaenda kulipa hospitali. Jioni akaja kwangu. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Mama, umekula ngapi?"

"180."

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu peke yake."

"Basi sasa tuko watatu."

Halafu akakaa, na akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanisimulia magunia mawili ya kahawa aliyoyauza njiani alipokuwa kijana, mwenye lori asijue. Alinieleza alivyolala usiku ule, uongo alioupanga, na mtu aliyemshika mkono mpaka akalipa. Nilikuwa nimemjua mzee huyu miaka 20 na sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo. Ningehubiriwa usiku ule ningejitetea. Mahubiri nilikuwa nayajua yote, mengine nilikuwa nayatoa mwenyewe. Magunia mawili ya kahawa ndiyo yaliyonivunja.

Kesho yake alinunua kufuli ya pili. Ufunguo mmoja kwake, mmoja kwangu. Kila Jumamosi saa tisa tulihesabu pamoja, miezi saba, mpaka deni likaisha. Ndipo akaniambia, nenda ukawaambie. Nikawaambia. Wawili walijitoa, waliobaki wakaniachia sanduku. Alipofariki mwaka 2014 ufunguo wake ulikwenda kwa mama mwingine, na desturi ya Jumamosi ikaendelea.

Sasa nifike kwenye kidonda. Mwaka 2022 akina mama vijana walisimama katika mkutano wakasema pesa zihamie kwenye simu na benki, na atunze mwingine. Hakuna aliyenijia nyumbani kabla. Niliyasikia pamoja na watu wote, nimekaa mstari wa mbele. Nilipewa kitenge na soda, nikapigiwa makofi. Miaka 23! Nilirudi nyumbani nikalia kama mtu aliyefiwa, na miezi mitatu sikukanyaga kikundini. Nilisema nina ugonjwa wa magoti. Magoti yalikuwa yanauma, ni kweli, lakini hayakuwa yamenizuia kwenda sokoni.

Vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango. Pesa taslimu zikawa adimu, na mawakala wa simu wakakata asilimia za kuumiza. Akina mama wakalirudia sanduku la bati. Binti alikuja kulichukua kwangu lilikokuwa chini ya kitanda. Nikampa na kufuli moja. Aliniuliza, "Kuna jingine la kunieleza, Koko?" Nikamwambia, "Ninyi ndio mnaojua."

Kufuli ya pili ilikuwa kabatini, naiona. Nilijua inazuia nini. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa bado naumia moyoni, na kwa sababu kumweleza kazi ya kufuli ya pili kungenilazimu kumweleza mwaka 2009, ambao wasichana hawa wapya hawakuujua. Nilitaka wanikumbuke kwa ajili ya 312.

Kwa hiyo ujumbe wa usiku ule ulipoingia, ninyi mnaonisoma mjue kwamba jambo la kwanza moyoni mwangu lilikuwa furaha. Nilisema, wameona. Nililala nayo kwa muda wa saa moja hivi. Kisha nikaamka nikapiga magoti, haya haya yanayouma.

Asubuhi nikafungua 2 Wafalme 12. Hapo kuna kuhani Yehoyada, ambaye pamoja na mkewe walimficha Yoashi akiwa mtoto mchanga ili asiuawe, wakamlea, na alipofika miaka saba Yehoyada akamtawaza kuwa mfalme. Kijana akakua. Katika mwaka wa 23 wa kutawala kwake (hesabu hiyo ilinichoma), mfalme akamwita mzee wake pamoja na makuhani wengine na kuwauliza kwa nini pesa zinaingia na nyumba ya Bwana haijatengenezwa. Fikiri aibu ile, kuulizwa na mtoto uliyemlea! Yehoyada angeweza kununa. Akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Na pesa zilipokuwa nyingi, zilihesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Watu wawili! Mzee wangu wa kahawa hakuwa amebuni kitu, alikuwa amesoma.

Mlinganishe na mfalme Asa, katika 2 Mambo ya Nyakati 16. Alianza vizuri na akadumu miaka mingi akimtegemea Bwana. Mwaka wa 36 akatoa fedha na dhahabu katika hazina ya nyumba ya Bwana, akampelekea mfalme wa Shamu ili apate msaada wa vita. Nabii Hanani alipomkemea, Asa akamtia gerezani. Wazee wenzangu, mvi hazikulindi. Miaka mingi ya jana haikulipii leo. Mimi nililishinda volkano nikashindwa na vitenge.

Kwa hiyo nawasihi ninyi mliozeeka kanisani. Waambieni watoto mlipoanguka. Msiwape ushindi peke yake, kwa maana ushindi wanaupigia makofi tu, wanakwenda nao nyumbani haujawasaidia kitu. Waonyesheni jiwe lenye utelezi mlilolikanyaga, siku gani, mlijiambia nini. Bwana alimwambia Petro, hata kabla hajamkana, kwamba atakapogeuka awaimarishe ndugu zake. Alijua Petro ataanguka, na akamwachia kazi ya kufanya kwa kuanguka kule. Waambieni. Na mkiwa mmeumizwa, semeni kwamba mmeumizwa, msijifiche nyuma ya magoti.

Ninyi vijana, mkitaka kumpumzisha mzee, nendeni kwake jioni kabla ya mkutano. Kaeni, kunyweni chai, mwulizeni ni nini anachokijua kuhusu kazi hiyo ambacho hakijaandikwa popote. Soda na kitenge havijibu swali hilo.

Binti alifika kwangu asubuhi ile ile, macho yamevimba. Pesa alikuwa amelipia kodi ya nyumba. Nilimwuliza swali nililoulizwa mimi, umekula ngapi, japo nilijua. Akasema. Kisha nikamsimulia vitenge, mlango, na ufunguo niliodai umepotea. Alinitazama muda mrefu. "Wewe, Koko?" Mimi. Nikafungua kabati nikatoa kufuli.

Anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kituku. Jumamosi nyingine alileta dola 10, nyingine 25, moja hakuleta kitu ila alikuja tukahesabu hivyo hivyo. Wiki iliyopita 140 zilitimia, na Jumapili baada ya ibada akasimama mbele ya akina mama. Nilisimama karibu yake na kusema pia habari ya kufuli niliyoinyima. Wengine walininung'unikia, na wana haki.

Wameomba niendelee kushika ufunguo wa pili. Nimekataa. Tumemchagua mjane mmoja mwenye miaka 31, ambaye hana mazoea na binti, na hilo ni jema. Jumamosi hii saa tisa atakuja tuhesabu sote watatu, nimpe ufunguo mkononi, nimsimulie mwaka 2009 tangu mwanzo.