Maswali na majibu: ruhusa za mafaili kwenye Linux

Nimempa Asha rw (kusoma na kuandika) kwa amri ya setfacl. Anasoma vizuri, lakini akihifadhi anakataliwa. Kerneli, kiini cha mfumo, ina hitilafu?

Kerneli ni nzima. Wewe umepiga chmod, amri ya kubadili ruhusa za kawaida, baada ya setfacl na hukutuambia. Faili likishakuwa na ACL, yaani orodha ya ruhusa za ziada unayoiweka kwa setfacl, zile herufi tatu za katikati kwenye ls -l si ruhusa za kundi tena. Ni mask, yaani kikomo cha juu kwa makundi yote na kwa kila aliyetajwa kwa jina. Ulipoandika chmod 640 ulishusha kikomo hadi kusoma tu. Endesha getfacl, inayoonyesha orodha hiyo, ujionee:

user:asha:rw-    #effective:r--

Kerneli inafuata hicho cha kulia. Tiba ni setfacl -m m::rw, kisha jina la faili. Na ile alama ya + mwishoni mwa ruhusa kwenye ls -l, inayoashiria kuwa faili lina ACL, haikuwekwa kama pambo. Ukiiona, chmod iguse kwa tahadhari.

Kwa nini nisipige chmod -R 777 tu (ruhusa zote kwa watu wote, folda nzima), kazi iende?

Swali hili halichoki kuja. Hapana. Programu yoyote iliyovamiwa kwenye seva hiyo itaweza kuandika juu ya skripti unayoiendesha kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. SSH, ya kuingilia seva kwa mbali, itagoma kutumia ufunguo wako wa siri. Ukiipiga kwenye /usr, sudo (amri ya kukupa mamlaka ya root) inapoteza setuid yake, alama inayoipa mamlaka hayo, halafu hiyo sudo ndiyo uliyotegemea kurekebishia. Amri ya kurudisha ruhusa zilivyokuwa haipo.

Faili ni langu, ruhusa zake ni ----r--r--. Wenzangu wote wanasoma, mimi mwenye mali nanyimwa!

Kerneli haikutafutii ruhusa iliyo nono. Inaanza na mmiliki: ukiwa ndiye, safu yako inaamua na kesi imefungwa. Kama siye, inaangalia kama umetajwa kwa jina, na hapo pia hukumu ni moja. Ndipo yanakuja makundi. Hapa kuna nafuu kidogo, maana kundi lolote ulilomo likiruhusu unapita, mradi mask inakubali. Ila ukiomba rw, ingizo moja liwe nazo zote mbili. Kusoma kwa kundi hili na kuandika kwa kundi lile havijumlishwi. Ukiwa ndani ya makundi na hakuna linaloruhusu, umekwama: hushuki kwenye safu ya wengine, hata kama wengine wanaruhusiwa.

Waliozoea Windows hujikwaa hapa. Kule kuna maingizo ya kukataza waziwazi, Linux haina. Kumzuia Juma peke yake, andika u:juma:--- na inatosha, kwa kuwa jina linatangulia kundi. Kundi zima hulizuii kwa ujanja huo: mwenye kundi jingine linaloruhusu atapita tu.

Nimemwondolea mtu ruhusa kwenye faili la logi, mbona tail -f yake, inayoonyesha mistari mipya ya logi papo hapo, inaendelea kumwaga mistari?

Ruhusa hukaguliwa faili linapofunguliwa, si kila linaposomwa. Yeye alishalifungua. Ua mchakato wake.

Ninyi mnaomwongeza mtu kwenye kundi kwa usermod na kulalamika kwamba "haifanyi kazi", jibu ni jirani na hilo: makundi ya mtumiaji husomwa anapoingia. Atoke, aingie upya. Na usermod -G bila -a inamfuta kwenye makundi mengine yote ya ziada, likiwemo la sudo. Someni mwongozo kabla ya kubonyeza Enter.

Faili ni 444 (kusoma tu kwa wote), mwenzangu kalifutaje?

Kufuta ni kuandika kwenye folda, si kwenye faili. Kama folda ni ya pamoja, ipige chmod +t kama ilivyo /tmp, ili mtu asifute faili la mwenzake.

Nihamishe mafaili yenye ACL kwa tar, ya kuyafunga kwenye kifurushi kimoja?

Ndiyo, kwa --acls wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Ukiisahau, tar haitakuonya. Utaonywa na Asha Jumatatu asubuhi.

ACL inamzuia root?

Kusoma na kuandika, hapana, kwa hiyo acheni kumwandikia u:root:---. Kuendesha faili lisilo na x (ruhusa ya kuendesha) hata moja, ndiyo.