Kwa nini rubani hasimami tu akisikia kishindo: jibu la fundi wa magurudumu na breki

Mkuu, umeuliza swali linalonigusa. Ndege inakimbia ili iruke, tairi linapasuka, rubani anakatisha kuruka, ndege inapitiliza mwisho wa njia ya kurukia. Unasema kosa lake ni kuchelewa kukanyaga breki, na kwamba ingekuwa sheria kusimama kila hitilafu ikitokea, watu wangekuwa salama. Mimi ni fundi wa ndege, miaka mingi nimekuwa upande wa magurudumu na breki, na zamani niliamini hivyo hivyo.

Usiku mmoja tuliitwa mwisho wa njia ya kurukia. Ndege ya abiria ilikuwa imekatisha kuruka ikiwa kwenye mwendo mkali, gurudumu la mbele likaishia majanini. Abiria wote walishashuka wazima. Breki zilikuwa nyekundu kama makaa yaliyopulizwa. Zimamoto wakatukataza kusogelea ubavuni mwa magurudumu, kwa sababu rimu ikipasuka vipande vinaruka pembeni. Tukasimama mbali, kimya. Mara tukasikia fssss, tairi la kwanza. Kisha la pili, kisha jingine. Rimu za ndege zina vizibo vidogo vinavyoyeyuka joto likizidi, vikaachia upepo kabla tairi halijalipuka. Ndege ikashuka taratibu mbele ya macho yetu hadi ikakalia rimu.

Hapo ndipo nilipoelewa kusimama kunagharimu nini. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inakuwa mara nne. Ndiyo maana kabla ya kila safari marubani hukokotoa V1, yaani mwendo ambao ukishapita hausimami tena, kwa kuangalia uzito, joto, upepo, urefu wa njia na kama imelowa. Wengi hudhani V1 ndipo rubani anaanza kufikiria. Sivyo. Ikifika V1, kama anasimama, awe ameshaanza kusimama. Baada ya hapo anaruka, hata injini moja ikifa, maana ndege imeundwa iweze kupanda kwa injini iliyobaki.

Na hesabu hiyo kwa kawaida inachukulia kwamba matairi ni mazima! Tairi likipasuka, breki ya gurudumu lile haina tena cha kushikia, na vipande vyake vinaweza kukata mabomba ya haidroliki, yaani ya mafuta yenye shinikizo yanayoendesha breki. Kwa hiyo karibu na V1 marubani hufundishwa kwamba tairi peke yake si sababu ya kusimama. Ruka, kisha urudi kutua ukiwa na njia nzima mbele yako. Tarehe 19 Septemba 2008, huko Columbia, South Carolina, ndege ndogo ya kukodi aina ya Learjet 60 ilipasukiwa matairi, kapteni akakatisha baada ya V1. Ilipitiliza na kuwaka moto. Kati ya watu 6 walifariki 4. Wachunguzi walikuta matairi yalikuwa yameachwa na upepo pungufu mno.

Lipo jambo moja linalomruhusu kapteni kusimama hata akiwa amepita V1: ndege ikikataa kuruka. Machi 8, 2017, uwanja wa Willow Run, Michigan, kapteni wa ndege ya abiria aina ya MD-83 yenye watu 116 alivuta usukani na pua haikuinuka. Alikatisha, ndege ikavunja uzio, na hakuna aliyekufa. Upepo mkali ulikuwa umeharibu kiinuzi cha mkiani, bapa linaloinua pua, ndege ikiwa imeegeshwa, na kwa jinsi mfumo wa ndege ile ulivyo, usukani ulisogea vizuri kwenye ukaguzi kana kwamba hakuna kitu. Rubani mwenzake wa kiti cha kulia alikuwa mwalimu wake, lakini hakumnyang'anya uamuzi. Kwangu huo ndio urubani.

Kwa hiyo kabla ya kumhukumu rubani huyu uliyemtaja, tujue kwanza alikuwa mwendo gani alipoanza kukatisha. Halafu turudi kwetu mafundi. Tairi la ndege lililopungukiwa upepo huwezi kuligundua kwa macho, linasimama vile vile kama zima. Ni kipimo tu, na lipimwe likiwa limepoa. Tairi moja la ndege ya usiku ule, tulipolifungua, ukuta wake wa ndani ulikuwa umeungua na kukunjamana. Lilikuwa limekimbizwa hivyo safari kadhaa. Ripoti ya uchunguzi wa ndege hiyo uliyoulizia ikitoka, ukurasa wa kwanza nitakaoutafuta ni kumbukumbu za upepo wa matairi.