Kabla ya Kuchagua Mada ya Tasnifu, Jifunze Kusoma

Nilipoanza shahada ya uzamili katika Agano la Kale, mada ya tasnifu nilikuwa nayo tayari, lakini ukurasa mmoja wa Kiebrania ulikuwa bado unanishinda. Nilitaka kuandika juu ya maono ya Amosi. Nikajaza kurasa kumi na tano kuhusu kikapu cha matunda katika sura ya 8: matunda yameiva, dhambi nayo imeiva, mavuno yamefika. Niliamini nimepatia.

Msimamizi wangu alizisoma zote, akanifungulia matini ya Kiebrania, akasema, "Nisomee kwa sauti jibu la Amosi, halafu maneno ya Mungu." Nikasoma kwa kusuasua. Kayits, matunda ya kiangazi. Kets, mwisho. Nikanyamaza. Mstari ule umebebwa na sauti, na mimi katika kurasa zote zile sikuwa nimeisikia.

Akaniongezea jingine. Mwaka 1908 kilifukuliwa kule Gezer, mji wa kale katika nchi ya Israeli, kibao kidogo cha chokaa, cha karne ya 10 kabla ya Kristo, chenye orodha ya miezi na kazi zake za shambani. Humo mwezi wa matunda ya kiangazi umeandikwa kwa konsonanti mbili tu, zile zile za neno "mwisho". Kwa hiyo huenda masikioni mwa watu wa ufalme wa kaskazini, ambao Amosi aliwahubiria, maneno hayo mawili yalikaribia kuwa neno moja. Nilianza tasnifu upya.

Ndiyo maana kila anayeniuliza kuhusu masomo haya namwambia aitulize mada kwanza, ajipe mwaka mzima wa lugha. Nusu saa kila siku inakufaa kuliko Jumamosi nzima. Na usome kwa sauti, hata ukiwa peke yako. Programu zinazochanganua kila neno ukiligusa ni nzuri, mimi mwenyewe nazitumia, ila kisia kwanza kitenzi kiko katika umbo gani, ndipo uguse. Ukigusa kwanza, jicho litapita na kichwani hakitabaki kitu.

Vitenzi vya Kiebrania huwatisha wengi, nasi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kutishika. Tumekua na mnyambuliko. Shavar ni "alivunja". Nishbar ni "alivunjika" au "alivunjwa". Shibber ni "alivunjavunja". Yale ambayo vitabu vya sarufi huyaeleza kwa kurasa nyingi, sisi tunayafanya kila siku kwa kubadilisha mwisho wa kitenzi au kukirudia. Msamiati nao una ndugu zake kwetu, kwa kuwa Kiarabu kilichotukopesha maneno ni jamaa wa Kiebrania: damu ni dam, saba ni sheva, roho ni ruakh. Tahadhari tu, undugu wa maneno hauthibitishi maana. Maana itoke kwenye matini.

Kiaramu kitakuhusu ukichagua Danieli, maana kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7 kitabu kimeandikwa kwa lugha hiyo. Kijerumani cha kusomea makala utakihitaji mapema kuliko unavyodhani.

Usiruke maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa matini, yanayoonyesha nakala za kale zinapotofautiana. Vifupisho vyake vinachosha, lakini vinabeba mambo mazito. Katika Kumbukumbu la Torati 32:8, matini ya Wamasora, yaani ile ya Kiebrania iliyohifadhiwa na waandishi wa Kiyahudi, inasema mipaka ya mataifa iliwekwa kwa hesabu ya wana wa Israeli. Kipande cha gombo la kale kutoka Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kinasema wana wa Mungu. Hapo ndipo utakapoona kwa nini masomo haya yanadai miaka.

Kuhusu msimamizi, muulize mapema kama atakaa nawe kusoma matini yenyewe mstari kwa mstari, au atasoma sura zako za tasnifu tu. Uliza kabla hujakubali nafasi.

Na kabla ya kujaza fomu, soma Ruthu yote kwa Kiebrania, mistari 85, tafsiri ukiwa umeiweka mbali. Katika 1:20 Naomi anawaambia wanawake wamwite Mara, yaani chungu. Litamke jina hilo, kisha usome sababu anayoitoa papo hapo: kitenzi chake, hemar, kina konsonanti zile zile za uchungu.