Chavua ya nyuki: kijiko kimoja kina nini ndani yake?

Maswali ya chavua yamekuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Nilidhani nimenunua asali kavu, kumbe ni vipunje vya njano na kahawia, vina uchungu kidogo. Hii ndiyo chavua? Na ni nyuki anayeitengeneza?

Ndiyo yenyewe. Ila nyuki haitengenezi, anaiokota. Chavua ni ule ungaunga wa ua unaobaki kidoleni ukiligusa. Nyuki akitua, ungaunga hunasa kwenye manyoya yake. Hujichana kwa miguu, huulowanisha kwa mate na mbochi, yaani maji matamu ya ua, kisha huukandamiza uwe kidonge, kimoja kila mguu wa nyuma. Mfugaji huweka kizuizi chenye matundu madogo mlangoni mwa mzinga, na nyuki akijipenyeza vidonge humdondoka. Rangi hutokana na maua aliyoyapitia, ndiyo maana kopo moja lina rangi nyingi.

Kidonge kimoja kina miligramu 7 au 8 hivi. Kijiko cha chai cha gramu 5 ni vidonge zaidi ya 600, yaani nyuki wametoka na kurudi zaidi ya mara 300. Nikiona mtu anachota kwa kijiko cha supu huwa namsikitikia nyuki kwanza, kisha mfuko wa mtu huyo.

Shikamoo. Nimeacha nyama. Tangazo linasema chavua ina protini kuliko nyama na ni mlo kamili. Niitegemee?

Marahaba. Usiitegemee. Tangazo hilo halikudanganya sana, limeficha kipimo tu. Protini ya chavua hutofautiana mno kutoka ua hadi ua: yaweza kuwa asilimia 10, yaweza kufika 40, na mara nyingi huzunguka 20. Nyama mbichi isiyo na mafuta nayo iko kwenye 20 hivi. Kwa hiyo gramu kwa gramu zinakaribiana, lakini nani anakula gramu 100 za chavua? Kijiko chako cha chai kinakupa gramu 1 ya protini, yai moja gramu 6. Ili ulingane na kipande cha nyama cha gramu 100 ungehitaji vijiko 20, na tumbo lingekuadhibu mapema sana. Maharage na dengu vitakufaa zaidi.

Hilo haliifanyi kuwa kitu cha bure. Ina vitamini za kundi B, madini, na zile rangi za mimea zinazosifiwa kwa kulinda seli. Kasoro ni kwamba vyote vimefungiwa ndani ya ganda gumu ajabu. Wachimbaji hukuta maganda ya chavua ya mamilioni ya miaka yangali mazima kwenye miamba. Tumbo letu hulivunja kwa sehemu tu. Ndiyo maana nashauri uisage, au uiloweke usiku kucha kwenye maji au maziwa ya mgando. Nyuki wenyewe hawaili ikiwa kavu hivyo: huishindilia kwenye vyumba vya sega, huifunika kwa asali na kuiacha ichachuke, ikawa kile kinachoitwa mkate wa nyuki.

Kila msimu wa maua napiga chafya hadi macho yanavimba. Rafiki anasema nile chavua kidogo kidogo, mwili utazoea.

Hapana, tena hapana kubwa. Chavua inayokupigisha chafya mara nyingi ni ile nyepesi inayopeperushwa na upepo kutoka kwenye nyasi na baadhi ya miti. Nyuki hukusanya zaidi ile nzito na yenye kunata. Basi dawa hiyo hailengi hata ugonjwa wako. Hatari lakini ipo: ndani ya kopo huweza kuchanganyika chavua ya aina inayokudhuru, au ya mimea ya ukoo wake. Wapo watu waliokula kijiko kimoja tu wakavimba koo, wakashindwa kupumua, wakakimbizwa hospitali. Mwenye aleji ya chavua, pumu, au aliyewahi kudhurika kwa kuumwa na nyuki aachane nayo. Ipo tiba ya kuuzoesha mwili, lakini hutolewa na daktari kwa dozi zilizopimwa, chini ya uangalizi.

Mtoto wa miezi tisa je? Na mjamzito?

Mtoto, hapana, kama ilivyo kwa asali, asipewe kabla ya kutimiza mwaka. Mjamzito na anayenyonyesha nao waiache, kwani usalama wake kwao haujathibitishwa.

Mzee wangu anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, pia tezi dume inamsumbua. Muuzaji kasema chavua inatibu tezi.

Kinachozungumzwa sana kwenye tezi dume ni dondoo la chavua ya nafaka, hasa rai, linalotayarishwa kiwandani. Alichoshika muuzaji ni kitu kingine. Kuhusu warfarin, imeshatokea chavua ikaongeza nguvu ya dawa hiyo, na damu ikipungua kuganda kupita kiasi, mtu huvuja ndani kwa ndani. Asianze kabla ya kumwambia daktari wake.

Mimi ni mzima, sina aleji. Naanzaje, na naihifadhi wapi?

Siku ya kwanza punje moja. Subiri hadi kesho. Midomo isipowasha wala ngozi kuvimba, ongeza punje chache kila siku hadi ufike kijiko cha chai. Nyunyizia juu ya uji uliokwisha kupoa au matunda, usiipike.

Chavua mbichi ina maji mengi, huota ukungu upesi, iweke kwenye friza. Iliyokaushwa hukaa chupani, kifuniko kikibana vizuri, mbali na jua na joto. Punje zikianza kushikana au kunuka uvundo, tupa hata kama ulilipa ghali.