Chai ya mnanaa na mchaichai: harufu ibaki kikombeni, isiishie jikoni

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini chai yako ya mnanaa na mchaichai inatoka chungu na haina harufu ilhali nyumba nzima inanukia, na kama ni bora ukaushe majani au uendelee na mabichi. Walionitangulia wamekushauri uongeze majani na uchemshe kwa muda mrefu zaidi. Mimi chai hizi ndizo kinywaji changu cha kila jioni, miaka mingi sasa, na kwa heshima zote sikubaliani na ushauri huo. Utakuzidishia uchungu.

Hiyo harufu iliyojaa nyumbani ndiyo ladha yako inayokukimbia. Utamu wa mnanaa umo kwenye mafuta mepesi yaliyohifadhiwa katika vijifuko vidogo sana juu ya jani, na mafuta hayo yakipata moto huondoka na mvuke. Mchaichai una sitrali, ndiyo inayoufanya unukie kama limau. Mnanaa mkali una mentholi, ndiyo unayoisikia ikipoza koo hata kama chai ni ya moto. Ukiacha sufuria wazi itokote dakika 20, vyote hivyo vinakwenda hewani, na majini yanabaki yale yasiyoruka: ukakasi na uchungu. Ukiongeza majani, unaongeza na huo uchungu.

Kwa hiyo mnanaa usichemshwe kabisa. Chemsha maji peke yake. Chukua matawi mawili matatu mabichi, yapige kati ya viganja mara moja au mbili mpaka yaanze kunukia, bila kuyasaga, kisha yaweke kikombeni, mimina maji na ufunike papo hapo. Kisosi kinatosha. Subiri kati ya dakika 5 na 7. Ukifunua, geuza kisosi utazame upande wa chini: utaona matone yameshikilia. Yanuse kwanza, kisha yatikise yarudi ndani ya kikombe. Matone hayo ni mvuke uliopoa ukiwa umebeba mafuta ya mnanaa, na kikombe kisichofunikwa hukosa hayo. Mrehani na rozimari nazifanya vivyo hivyo, ila rozimari kidogo tu, maana ina nguvu na ikizidi inaleta ladha ya dawa.

Mchaichai ni mgumu zaidi, una nyuzi, kwa hiyo unahitaji moto kiasi. Usitupe ile sehemu nyeupe ya chini, ina harufu nzuri sana. Igonge kwa mgongo wa kisu mpaka ipasuke, majani ya juu yakunje na uyafunge fundo ili yasitapakae, tia kwenye maji ya baridi na uweke jikoni mfuniko ukiwa juu. Yakianza kuchemka punguza moto, yape dakika 5, zima, kisha acha dakika 10 nyingine bila kufunua. Chai ikishaiva hivyo inakuwa na rangi ya manjano hafifu. Usihangaike kutafuta rangi iliyokolea kama ya majani ya chai ya kawaida, kwa sababu huu ni mmea mwingine kabisa. Chai nyeusi na chai ya kijani zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis, na zote zina kafeini. Mnanaa na mchaichai hazina, na ndiyo sababu mimi hunywa usiku na usingizi hauniruki.

Tangawizi na mdalasini ni habari nyingine. Mzizi na gome havitoi vilivyomo kwa kulowekwa tu, vichemshe dakika 15 au zaidi, hapo ndipo moto una kazi. Ukitaka tangawizi na mnanaa katika birika moja, tangawizi itangulie ichemke mpaka ikolee, zima moto, ndipo utie mnanaa na kufunika. Nikiambiwa nichague chai moja ya kunywa siku zote, nitachagua hiyo.

Kuna aliyesema chai yake ya tangawizi na maziwa inakatika. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ichemshe kwanza kwenye maji peke yake mpaka itokote vizuri, kimeng'enya kife, kisha ndipo maziwa yaingie. Rozela haina dawa hiyo: ni chachu, na uchachu wenyewe ndio unaokata maziwa, kwa hiyo inywe kavu. Pia usiipike kwenye sufuria ya alumini, maana asidi yake hula chuma hicho. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Sasa kukausha. Ukiwa na majani mabichi, tumia mabichi, hasa mrehani, ambao ukikauka hupoteza sehemu kubwa ya harufu yake. Mnanaa na mchaichai hustahimili. Chuma asubuhi umande ukishakauka lakini jua halijawa kali, na mnanaa uwahi kabla haujatoa maua. Osha, kung'uta maji yote, funga vishada vidogo vidogo na uvitundike kivulini penye hewa. Usianike juani: jua linaubabua ukijani na kuyarusha mafuta yaleyale tunayoyahangaikia. Jani limekuwa tayari linapovunjika vipande ukilifikicha, na kijiti kinakatika badala ya kupinda. Likiwa bado linapinda, usilitie kwenye chupa hata kama una haraka, litaota ukungu, na jani lenye ukungu hutupwa lote, halichambuliwi. Hifadhi majani yakiwa mazima na uyafikiche siku ya kutumia. Chupa ifungwe sawasawa na ikae kabatini gizani, mbali na jiko. Katika kupima, kijiko kimoja cha makavu kinashika nafasi ya vijiko vitatu vya mabichi.

Kuhusu jani la kando ya njia ulilosema linafanana na mnanaa, hapo naomba sana ujizuie. Mmea usioujua kwa uhakika usiunywe, hata kama unanukia vizuri. Oleanda hupandwa kama pambo kwa sababu ya maua yake, na mmea wote ni sumu inayoweza kuua kwa kuuharibu mwendo wa moyo. Hata mnanaa wa kweli, ukiota pembezoni mwa barabara yenye magari mengi au mahali panaponyunyiziwa dawa za wadudu, mimi siuchumi. Shina moja kwenye ndoo ya udongo linakutosha, mnanaa husambaa wenyewe. Mjamzito, au mtu anayetumia dawa za kila siku, aulize kwanza kwa daktari au mfamasia kabla ya kufanya jani lolote kuwa kinywaji cha kila siku. Na kama unatia asali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe, iwe kwenye chai au kwa kijiko.

Tena usinywe ikiwa inaunguza. Mwaka 2016 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Jambo linalozungumziwa hapo ni joto lenyewe, si chai. Zile dakika za kusubiri chini ya kisosi zinaanza kuipoza, na ukishafunua iache kidogo tena. Ladha ya mnanaa husikika vizuri zaidi ikiwa vuguvugu ya kunyweka.

Umegusia pia kwamba unatia chai kwenye chupa asubuhi ili unywe mchana. Chuja majani yote kabla ya kutia. Yakibaki ndani yanaendelea kuiva kwa saa zote hizo, na nahisi sehemu ya uchungu unaoulalamikia inatoka hapo.