Likizo ndefu na mtoto mwenye selimundu: panga nusu, acha nusu

Shule zikikaribia kufungwa Desemba, wazazi wenzangu hapa mtaani huulizana watoto wanakwenda kwa nani. Mimi huanza kwa kuhesabu vidonge. Binti yangu ana miaka 15, yuko sekondari, na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kusoma nako kunamtesa. Aya ambayo mwenzake anaimaliza kwa dakika mbili, yeye anahangaika nayo kumi, na akifika mwisho mwanzo umeshamtoka. Amekubali niandike habari zake kwa sharti nisimtaje jina na nisiweke ile picha ya mahafali.

Niliharibu likizo mbili kabla ya kupatia moja. Nitaanza na hizo mbili, maana ndizo zilizonifundisha.

Ya kwanza ni ile ya baada ya mtihani wa darasa la saba. Mwenye mtoto anaijua: mtihani Septemba, sekondari Januari, na katikati miezi mitatu na ushee ya mtoto kuwa nyumbani. Kila mtu alikuwa anampeleka mwanawe kwenye masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza, kwa sababu shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili na sekondari wanakwenda kukuta kila kitu kwa Kiingereza. Nikaona wangu, aliye nyuma tayari, ndiye anayehitaji zaidi. Nikamwandikisha. Saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mara nyingi amesimama. Darasa lilikuwa la bati bila dari. Maji alikuwa hanywi kwa sababu choo cha pale kilikuwa hakiingiliki, na msichana wa miaka 14 hawezi kukwambia hivyo mpaka yatokee ya kutokea. Wiki ya tatu, usiku, miguu ikaanza kumuuma, kisha mgongo, kisha kifua. Alilazwa siku sita na kuongezewa damu. Kiingereza alichorudi nacho ni majina ya dawa.

Ya pili ilikuwa Juni, akiwa kidato cha kwanza. Safari hii nikasema apumzike kabisa, aende Lushoto kwa bibi yake akapate hewa. Ni hewa kweli, ila Juni na Julai Lushoto ni baridi, na sisi watu wa Dar tunalichukulia sweta kama pambo. Baridi hubana mishipa midogo ya damu, na seli zake zikishajikunja hukwama humo. Jina lenyewe limeshasema: seli yenye umbo la mundu. Halafu kuna basi. Ukitoka Dar alfajiri, dereva anasimama kuchimba dawa pale anapoona yeye panafaa, kwa hiyo mtoto akaamua asinywe maji asije akaaibika. Alifika Mombo kwa mafunda matatu tu, na bado kona za mlima zilikuwa zinamsubiri. Huko juu, bibi kwa mapenzi yake akamwacha aende na binamu zake alfajiri kuchota maji, na kuoga aliogea hayohayo. Simu iliita usiku wa tatu.

Nilimlaumu mama mkwe wangu kimoyomoyo kwa wiki nzima. Baadaye nikakubali kwamba nilimkabidhi mtoto na begi, sikumkabidhi maelezo. Angejuaje?

Kliniki ya baada ya hapo ndiyo iliyonibadilisha. Nilimweleza daktari kuhusu kusoma, nikitumia lile neno tunalolitumia sote, uvivu. Akaniuliza kama nimewahi kusikia kiharusi cha kimya. Kumbe mishipa ya kichwani inaweza kuziba kidogo kidogo bila mtoto kupooza wala mdomo kwenda upande, na zaidi ya theluthi moja ya watoto wenye aina kali ya selimundu huwa wameshapata madoa hayo kwenye ubongo kabla hawajatimiza miaka 18. Kinachoonekana nje ni mtoto anayesahau, asiyetulia na jambo, aliye mzito kufuata maelekezo matatu kwa mpigo. Ongeza damu pungufu: chembe nyekundu za mtu mzima wa afya hukaa mwilini siku kama 120, zao hukaa 10 hadi 20. Mwili unatengeneza damu mchana na usiku, na mimi nataka pia utengeneze hesabu za aljebra. Sikumwomba msamaha siku ile. Nilimwomba baadaye, jikoni, tukiwa tunachambua mchele, na alinijibu tu, "Sawa mama."

Basi likizo ya Desemba tukaanza na mwili. Nilichukua kalenda ya ukutani, tukakaa naye. Kwanza tukaweka alama siku zake za mwezi, kwa sababu kwake maumivu hupenda kuja karibu na siku hizo. Wasichana wengine hivyo hivyo, muulize binti yako bila watu kusikia. Kisha tukaweka kanuni: jambo moja kwa siku, la asubuhi, na awe amerudi ndani kabla ya saa sita. Jua la Dar la Desemba linakausha hata mtu mzima wa afya. Baada ya siku mbili za kutoka, siku moja tupu. Tupu maana yake haina hata kufua. Katika wiki tano zile, karibu nusu ya siku hazikuandikwa kitu. Mume wangu aliitazama kalenda akadhani sijaimaliza.

Hapa ndipo wazazi wengi wataona ninamdekeza mtoto. Nilifikiri hivyo pia. Lakini likizo iliyojaa ukiivunja siku moja, kwa sababu kaamka na macho ya njano au goti linauma, inabomoka yote, na yeye anajiona ameshindwa tena. Ikiwa na siku tupu, unahamisha tu. Tulihamisha mara nne. Hakuna aliyelia.

Masomo hatukuyaacha. Wiki moja kabla ya kufunga nilikwenda kwa mwalimu wa darasa, na sikumuuliza ameshindwa nini, maana orodha hiyo ninayo. Nilimuuliza ni mambo gani matatu yatakayohitajika mwanzo kabisa Januari. Akafikiri, akanipa: sehemu na desimali, maneno ya baiolojia ya sura mbili, na kuandika aya fupi ya Kiingereza kujieleza. Matatu tu. Tukafanya dakika 20 baada ya chai, saa ya simu ikilia tunafunga daftari hata kama tumefika patamu. Maneno ya baiolojia nilimwomba dada yake ayasome na kuyarekodi kwenye simu, neno la Kiingereza kisha maana kwa Kiswahili, akawa anasikiliza amejilaza. Ilinishangaza. Kumbe yale yaliyokuwa hayaingii machoni yalikuwa yanaingia masikioni vizuri tu. Siku hizi walimu wawili wanamruhusu kurekodi somo darasani. Wa tatu amekataa, na siwezi kupigana na kila mtu.

Lakini kilichoibeba likizo ile ni cherehani. Mtaani kwetu kuna mama fundi, ana kibanda chenye vyerehani vitatu na vijana wanaojifunza. Nilimwomba ampokee binti yangu siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa mbili tu kila siku. Nilimweleza ugonjwa wazi, nikamwonyesha chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo lazima iishe kabla hajaondoka. Kukanyaga cherehani cha miguu kulimchosha magoti siku ya kwanza tu. Mama fundi, bila kuniuliza, akamhamishia kwenye vifungo, pindo za mkono na kupima. Kupima! Mtoto anayezikimbia sehemu daftarini alikuwa anasema inchi nane na robo, toa moja na nusu ya pindo, bila kuhesabu vidole. Jioni alikuwa anatupima wote nyumbani, hata baba yake ambaye kiuno chake hakupenda kitajwe.

Kwa hiyo ukiniuliza mtoto wa namna hii afanye nini likizo, nitakwambia mtafutie mtu mmoja mwenye subira na kazi ya mikono. Si lazima iwe ufundi nguo. Ususi, mapishi, kutengeneza simu, bustani ya mchicha. Iwe kivulini, iwe na mahali pa kukaa, choo kinachoingilika (nenda ukakiangalie mwenyewe), na mwenye kazi awe mtu wa kuambiwa "leo hatakuja" bila kununa. Mtoto anayeshika mkia darasani kila muhula anahitaji mahali ambapo mtu anamwambia "nipe wewe, wewe mkono wako umenyooka."

Jambo jingine tulilolifanya ni kumkabidhi dawa zake. Ana haidroksiyurea ya kila siku, ile ya kupunguza mashambulizi ya maumivu, na foliki ya kusaidia mwili kutengeneza damu, na tangu aanze kuzitumia mimi ndiye niliyekuwa nazitoa kabatini. Ana miaka 15. Nikifa kesho? Likizo ni wakati mzuri wa kujaribu kwa sababu uko karibu kuona. Tulimnunulia kiboksi cha plastiki chenye vyumba saba, akakijaza mwenyewe kila Jumapili, nami ninahesabu Jumamosi. Wiki ya kwanza alisahau siku mbili. Nimesoma ushauri kwamba mzazi asifoke. Nilifoka. Wiki ya pili alisahau moja, ya tatu hakusahau, na sijui kama ni kufoka au ni kwamba alihamisha kiboksi kikakaa kando ya chaja ya simu, mahali ambapo kijana hakosi kwenda.

Kuhusu ndugu. Binamu zake walimwalika kulala kwao siku mbili Kigamboni, na moyo wangu ulisema hapana. Lakini kijana anayekatazwa kila kitu ataanza kuficha maumivu ili asikatazwe, na hapo ndipo hatari ilipo. Nikamwacha aende, na shangazi yake nikampa karatasi moja, imeandikwa kwa kalamu nene, akaibandika mlangoni kwa friji. Anywe maji hata asipotaka. Baharini aingie jua likiwa limechangamka, akitoka ajifute na kuvaa nguo kavu papo hapo, asikae na upepo. Akisema amechoka, amechoka, asibembelezwe. Na chini, kwa wino mwekundu, ya kumkimbiza hospitali bila kusubiri asubuhi: homa ya 38 na kwenda juu, kifua kuuma au kupumua kwa shida, maumivu yasiyosikia dawa alizopewa na daktari, kupauka ghafla, kichwa kuuma vibaya, mkono au mguu mmoja kuishiwa nguvu, au kuongea kusikoeleweka. Shangazi alinipigia kuniambia nimemtisha. Nikamwambia vizuri. Mtoto alirudi mweusi kwa jua, na hadithi ambazo hazijaisha mpaka leo.

Fanya na ya karatasi mapema, kabla ya pilikapilika za sikukuu: angalia kadi ya bima inaisha lini, chukua dawa za likizo nzima na wiki moja ya ziada, na kama mnasafiri ujue hospitali gani huko inaweza kuongeza damu. Weka tarehe ya kliniki katikati ya likizo, isiwe wiki ya kufungua shule ambapo kila mzazi yuko foleni. Muulize daktari kuhusu kile kipimo cha ultrasaundi cha mishipa ya kichwani, hufanywa kwa watoto wa miaka 2 hadi 16 na huonyesha nani yuko karibu na kiharusi. Wangu alikuwa hajawahi kupimwa. Nilikuwa siulizi kwa sababu nilidhani kama kingekuwapo wangenipa.

Januari alirudi shule bila kulazwa hata siku moja tangu shule zifungwe. Matokeo ya darasani yamepanda kidogo, baiolojia zaidi, hesabu bado. Kwa mama fundi anakwenda Jumamosi.

Sasa Juni inakuja, na bibi wa Lushoto ameuliza kama mjukuu wake atakwenda. Nilitaka kusema hapana moja kwa moja. Binti akachukua kalenda akaniambia atakwenda wiki ya kwanza tu, siku nne, na atapanda basi akiwa siti ya mbele karibu na kondakta ili aweze kumwambia mwenyewe. Ameshaongea na bibi kwenye simu kuhusu maji ya kuoga yachemshwe, blanketi la pili, na soksi za kulalia. Bibi ameahidi. Amemwomba tu aje na futi yake ya kupimia, kuna gauni la harusi ya Julai na fundi wa kule amelibana mno.